Macho ya Njano ya Daktari Sitati

Travis Sitati alikuja mtaa wa Karagita, Naivasha, kuuza kava za simu. Hilo liwekwe wazi mapema, asije mtu akasema alitoka kwao Nakuru na nia ya kuwa daktari. Udaktari ulimkuta amesimama mbele ya kioski cha Gedion saa kumi na moja na nusu jioni, akinywa soda na kungoja chenji yake.

Mabasi ya mashamba ya maua yalikuwa yameshamwaga wafanyakazi barabarani. Kioskini kulikuwa na foleni, na mbele kabisa alisimama mama mmoja wa makamo, mrefu, gambuti zikiwa bado miguuni.

"Gedion, nipee ile nyekundu-na-nyeusi mbili. Na ile nyeupe moja."

"Nyeupe kubwa ama ndogo?"

"Ile Chepkemei alimeza wiki jana akapona."

"Hiyo ilikuwa ya meno, Mama Eucabeth."

"Si mwili ni mmoja?"

 Gedion alichukua makasi aliyokatia pakiti za maziwa, akakata tembe tatu kutoka kwenye karatasi zake, akazifunga ndani ya kipande cha gazeti, akageukia mteja wa pili. Huyo alitaka nusu kilo ya sukari na ile ya njano. Wa tatu alitaka kibiriti na "yoyote tu ya kifua."

Sitati alisahau chenji.

Lazima hapa tuwatetee watu wa Karagita kidogo. Hawakuwa wajinga. Zahanati ya serikali ilifunguliwa saa mbili asubuhi, wakati wao wameshaingia kwenye nyumba za maua saa nzima na zaidi, na ilipofungwa jioni wao walikuwa bado ndani ya basi. Kwenda kutibiwa kulikuwa kupoteza siku, na siku iliyopotea ilikatwa kwenye mshahara. Ukienda pia, huenda ukaambiwa dawa imeisha, ukanunue. Basi walinunua. Na iliyobaki waliiweka chini ya godoro, na jirani akiugua wakampitishia juu ya ukuta kama chumvi. Kila mtu alikuwa daktari wa mwenzake, na Gedion alikuwa daktari wa wote kwa sababu alikuwa na makasi.

Sitati hakuyaona hayo yote. Aliona jambo moja tu: watu wanaomeza kitu bila kuuliza jina lake.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mjukuu wa fundi wa reli, mwenye sauti nyororo na shati ambalo halikuwahi kukosa pasi. Alishawahi kumuuzia mwalimu mstaafu ploti karibu na ziwa, na mwalimu alipokwenda kuitazama akamkuta kiboko ndani. Alishawahi kukodisha hema la harusi la mtu mwingine kwa harusi mbili za siku moja. Lakini kazi zote hizo zilikuwa na dosari moja, kwamba mteja baadaye alijua ameliwa. Mgonjwa, Sitati alifikiri akielekea barabarani, akipona atakushukuru, na asipopona atailaumu damu yake.

Wiki moja baadaye alirudi na koti jeupe, akapanga chumba kimoja kwenye ploti ileile ya vyumba aliyokaa yule mama mrefu, Eucabeth. Juu ya mlango alining'iniza kibao: DKT. SITATI, SKANI YA MWILI MZIMA. Ndani kulikuwa na meza, kompyuta ya zamani, na fimbo ya chuma iliyounganishwa kwenye kompyuta kwa waya wa birika la umeme lililoungua. Kompyuta ilikuwa ikicheza mistari ya kijani na nyekundu, iliyotoka kwenye programu ya kusikilizia muziki. Sauti ilikuwa imezimwa.

Dawa yenyewe aliitengeneza kwa mikono yake. Alinunua maganda matupu ya vidonge mjini Nakuru, akayajaza maziwa ya unga na mdalasini kidogo ili yanukie kitaalamu, akayatia kwenye makopo, akaiita Rudisha. Hakuchagua maziwa kwa bahati mbaya. Sitati alikuwa na msimamo, na msimamo wake ulikuwa kwamba dawa isiue mtu. Maiti huleta maswali, na maswali ndiyo ugonjwa pekee aliouogopa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Eucabeth.

"Shika hii chuma, mathe. Pumua polepole."

Eucabeth akashika. Sitati akakazia macho mistari, akakunja uso.

"Unaumwa mgongo."

Eucabeth, aliyekuwa ameinamia maua tangu asubuhi kama kila mtu mwingine mtaani, alishtuka. "Imejuaje?"

"Na tumbo linachoma, hapa juu."

"Mungu wangu!"

"Na usingizi ukianza kuwa mtamu, alamu inalia."

"Daktari," Eucabeth alisema, akishika chuma kwa mikono miwili sasa, "hiyo mashine ni ya mzungu gani?"

"Mathe, wewe una sumu ya tembe kwa damu. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, njano, zote zinapigana huko ndani." Hili alilitoa kichwani papo hapo, na hakujua kwamba lilikuwa karibu na ukweli kuliko chochote alichowahi kusema maishani. "Utameza Rudisha, moja asubuhi, moja jioni. Lakini sharti ni moja. Usichanganye na dawa nyingine yoyote. Rudisha na dawa zingine ni kama wake wenza, haziwezi kulala nyumba moja. Na kila siku maji glasi nane, na usimeze kabla ya kula."

Maji na chakula aliviongeza ili maagizo yawe marefu. Watu hawaamini maagizo mafupi.

Kilichofuata kilimshangaza Sitati kuliko mtu mwingine yeyote. Eucabeth alipona.

Alikuwa amezoea kumeza tembe za maumivu tatu kila asubuhi juu ya chai kavu, na tembe hizo ndizo zilikuwa zikimchoma tumbo, na kwa ajili ya tumbo alikuwa akimeza zile za njano, ambazo zilimletea kizunguzungu, ambacho alikitibu kwa nyekundu-na-nyeusi. Alipoziacha zote, tumbo lilitulia ndani ya siku tano. Maji yakaondoa kichwa kuuma. Mgongo uliendelea kuuma, lakini mgongo mmoja ni mzigo mwepesi kwa mtu aliyezoea kubeba magonjwa manne.

Eucabeth alikuwa mtu wa kuchambua maua kwenye banda la kupakia. Kazi yake ilikuwa kutazama waridi mara moja na kujua lina kasoro gani, na wenzake walimwamini kwa mambo mengine pia. Aliposimama kanisani Jumapili akatoa ushuhuda, Jumatatu jioni foleni ya Sitati ilifika kwenye bomba la maji. Nao wakapona, mmoja baada ya mwingine, kwa njia ileile ya kutomeza kitu. Vidonda vya tumbo vikatulia. Mapele yakaisha. Mtu mmoja aliyekuwa akimeza dawa za kuku za jirani yake akapata nuru usoni.

Sitati akaanza kutembea tofauti. Mikono ilikwenda nyuma, kichwa kikainama upande kidogo, kama mtu anayesikiliza pafu. Wanawake walimletea mboga. Siku moja alijikuta akimkemea Gedion hadharani kwa kuuza tembe bila maelezo, na alikuwa na hasira ya kweli.

Chepkemei alikuja wiki ya nne. Alikuwa dada wa miaka arobaini hivi, mpole, chumba chake kilipakana na cha Eucabeth. Aliweka mezani karatasi ya tembe na kadi iliyokunjwa mara nne.

"Daktari, mimi nina hizi za presha. Nilipewa hospitali, huko kwetu Olenguruone. Walisema nisiache hata siku moja. Sasa na Rudisha itakuwaje?"

Sitati alitazama kadi. Ilikuwa na tarehe nyingi na mihuri mingi, na kitu fulani ndani yake kilimwambia amwambie huyu dada aende zake. Lakini nyuma ya Chepkemei walisimama watu kumi na mmoja, wote masikio wazi. Akimruhusu mmoja achanganye, wote watachanganya, na matumbo yatarudi kuchoma, na Rudisha itakuwa maziwa tu.

"Weka hizo kando kwanza," alisema, bila kumtazama usoni. "Mwezi mmoja."

Chepkemei akakunja kadi yake tena mara nne, akashukuru.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, Micah wa bodaboda alimkuta Sitati akinywa chai, akamwambia bila kuzima pikipiki, "Umesikia ya Chepkemei? Ameanguka jana kazini katikati ya maboksi. Presha. Wamempeleka hospitali moja ya kulipia, Naivasha."

"Yu hai?"

"Yu hai. Ila bili, boss. Bili ndiyo itammaliza."

Sitati alirudi chumbani akaketi kitandani.  Alijiambia kwamba presha ni ya ukoo. Alijiambia kwamba yeye hakumlazimisha mtu. Kisha akajiambia kwamba ni wakati wa kuondoka, na hilo lilikuwa la kwanza kuaminika katika yote aliyojiambia. Angeondoka siku hiyohiyo, lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wamelipwa, na makopo sitini yalikuwa yameagizwa. Akabaki. Jumamosi aliuza makopo tisini.

Jumapili asubuhi alikuwa akikunja koti jeupe na kulitia mkobani wakati Eucabeth alipobisha hodi. Sitati alisukuma mkoba chini ya kitanda kwa kisigino.

"Karibu, mathe. Chepkemei anaendeleaje?"

"Ameamka. Anaongea." Eucabeth alisimama mlangoni, akamtazama namna anavyotazama waridi. 

"Kuna nini?"

"Hakuna, daktari. Umelala vizuri?"

"Vizuri sana."

"Haya. Mungu ni mwema." Akageuka kuondoka, akasita. "Ni macho tu. Lakini wewe ndiye daktari, unajua mwenyewe."

Sitati alicheka. Akatoka na ndoo kwenda bombani, kwa sababu mtu anayesafiri lazima aoge. Bombani, msichana aliyekuwa akifua alimpisha haraka kuliko heshima ilivyohitaji.

"Daktari, pole."

"Pole ya nini?"

"Si unaumwa? Uso umekuwa kama ndizi."

Alioga upesi. Alijipima joto la paji la uso kwa kiganja, kiganja kikaona ni moto, maana kilikuwa kimetoka kwenye maji baridi. Akavaa, akachukua mkoba, akaenda kwa Micah.

"Nipeleke steji ya matatu, boss. Haraka."

Micah alikuwa akipanguza pikipiki. Aliinua uso, akaacha kupanguza. "Pole, daktari. Mimi sibebi mtu wa macho kama hayo."

"Macho yangu yana nini?"

"Kuna jamaa nilibeba Elburgon akiwa na rangi hiyo. Ini."

"Akawaje?"

Micah alifikiri kwa makini. "Wanasema alikuwa mtu mzuri."

Sitati aliinamia kioo cha pikipiki. Kilikuwa na vumbi la barabara za Karagita, na ndani ya vumbi hilo macho yake yalikuwa ya njano. Alilisugua kwa kidole, yakapungua njano kidogo. Lakini si yote. Tumbo likaguna. Sitati akakumbuka kwamba lilikuwa limeguna jana pia, na juzi, na kwa kweli lilikuwa likiguna tangu alipozaliwa, na mbona hakuwahi kulipima?

Miguu yenyewe ilimpeleka kioskini.

"Gedion," alisema, na sauti yake haikuwa nyororo, "nipee kitu cha ini."

"Kwani Rudisha haifanyi?"

"Rudisha ni ya... Rudisha ni ya wagonjwa wengine. Nipee nyekundu-na-nyeusi. Na nyeupe."

"Nyeupe kubwa ama ndogo?"

"Yoyote!"

Gedion hakumpa hizo. Alifungua kopo dogo la chini kabisa, akahesabu tembe nne za njano iliyoiva, akazifunga kwenye gazeti kwa uangalifu ambao Sitati hakuwahi kuuona kwake. "Hizi. Zote nne mara moja. Maji mengi. Zikikutana na ugonjwa wa ini utajua tu, mkojo utabadilika. Zisipokutana nao, hautabadilika."

Sitati alimeza zote nne palepale. Hakuuliza zinaitwaje.

Saa mbili baadaye alikuwa msalani, na kelele aliyopiga ilisikika hadi kwa mapasta wawili waliokuwa wakihubiri ploti ya pili. Mkojo ulikuwa njano inayowaka, njano ya jaketi la trafiki. Sitati alitoka akishika ukuta, suruali haijafungwa vizuri.

"Eucabeth! Mama Eucabeth!"

Eucabeth alitokea kana kwamba alikuwa karibu. "Umebadilika rangi?"

"Umebadilika! Nakufa, mathe. Nipelekeni hospitali."

"Mashine yako inasemaje?"

"Achana na mashine!"

"Tulia, daktari. Nina mtu huko nimeshampigia." Alikuwa na kikaratasi mkononi. "Wanataka depoziti kwanza, ndiyo wakupe kitanda. Tuma kwa hii namba ya hospitali. Halafu pale kwa akaunti weka 4417, hiyo ni ya mgonjwa."

Sitati aliona kiasi kilichoandikwa, na kwa sekunde moja mfanyabiashara ndani yake aliamka. Kilikuwa karibu kila kitu, Jumamosi yote na wiki zote kabla yake. "Hiyo ni pesa mingi sana!"

"Figo ziko mbili," Eucabeth alisema kwa huruma. "Ini ni moja. Hata wewe unajua."

Sitati hakujua, lakini alitikisa kichwa kama anayejua. Akaandika namba, akaandika 4417, akabonyeza. Ujumbe ukarudi kwamba malipo yamepokelewa. Mara hiyo Micah, aliyekuwa tayari langoni na pikipiki, akakubali kumbeba, akapanda yeye katikati na Eucabeth nyuma yake, wakaelekea Naivasha, daktari amefumba macho ili asiuone ulimwengu kwa mara ya mwisho akiwa nyuma ya lori la mboga.

Hospitalini alipokelewa na tabibu kijana, mwanamke mwenye miwani na viatu vya raba. Alimpima joto, akampima presha, akavuta kope zake chini akazimulika kwa tochi, akamtoa damu kidoleni, akamwambia aketi. Baada ya muda alirudi.

"Huna kitu, bwana."

"Na macho?"

"Meupe."

"Na mkojo?"

"Umemeza nini leo?"

Sitati alimweleza. Tabibu aliuliza tembe zilikuwa rangi gani, ukubwa gani, zilinukia vipi, kisha akaondoa miwani akapangusa. Mabega yalikuwa yakitikisika. "Hizo ni vitamini. Mkojo wa mtu aliyemeza vitamini nne kwa mpigo huwa hivyo. Kunywa maji. Na bwana, usimeze kitu ambacho hujui ni nini. Watu wazima mnatuumiza sana na hizi tembe za kioski."

Sitati alibaki amekaa. Mwanzo alihisi furaha tupu, furaha ya mtu aliyerudishiwa ini lake. Kisha akakumbuka depoziti. Akaenda dirisha la malipo kwa hatua ndefu.

"Madam, nilituma depoziti. Silazwi. Naomba mnirudishie."

Keshia aliangalia kompyuta yake. "Namba gani?"

"4417."

"4417 si wewe. 4417 ni Chepkemei, wadi ya wanawake. Bili yake imelipwa yote leo saa saba." Akamtazama. "Na Travis Sitati ndiyo wewe? Umetenda jambo kubwa, bwana. Amekuwa akilia tangu jana."

Sitati alifungua kinywa.  Angesema nini? Kwamba ametapeliwa pesa alizotapeli? Aligeuka, na Eucabeth alikuwa amesimama nyuma yake.

"Uliniambia ni namba ya mgonjwa wangu," alinong'ona.

"Nilikuambia ni ya mgonjwa. Wangu sikusema." Hakuwa akitabasamu. "Alhamisi daktari wa hapa aliuliza nani alimwambia aache dawa. Nilirudi nyumbani nikafungua Rudisha nikaonja. Nimelea watoto wanne, Sitati. Maziwa ya unga nayajua hata gizani. Na ni mimi nilikutangaza kanisani. Unajua hilo linakaaje kwa roho?"

"Mtaa wote ulijua?"

"Watu wanne tu. Gedion alikubali kwanza, maana ulimkemea mbele ya wateja wake. Na zile vitamini zilishanitisha mimi mwenyewe mwaka jana." Akamsogelea. "Kama umeibiwa, ita polisi. Nitakukopesha simu."

Kabla Sitati hajajibu, mlango wa wadi ulifunguliwa, akatoka Chepkemei, amekonda, mkono mmoja ukiwa na bendeji ya sindano. Alikuwa ameambiwa na keshia jina la aliyemlipia. Hakuna mwingine aliyekuwa amemwambia kitu. Alikuja moja kwa moja, akashika mikono ya Sitati kwa mikono yake miwili, na palepale mbele ya watu wote wa foleni akafumba macho akaomba. Aliomba kwa sauti. Alimwombea maisha marefu, na watoto, na nyumba, na aliomba kwamba mikono hii iliyompa uhai isipungukiwe. Watu wakaitikia amina. Mzee mmoja akavua kofia.

Sitati alikuwa amesimama mbele ya watu wengi maishani na uso wake haukuwahi kumsaliti. Siku hiyo alitazama sakafu ya saruji, masikio yakiwa ya moto, na aliona kwamba angependa zaidi kupigwa.

"Kesho," Eucabeth alimwambia walipotoka nje, "utawaambia watu ukweli. Kuna wengine wako na kadi kama ya Chepkemei. Wa sukari, wa presha, wa kifafa. Ukishawaambia, nenda unakotaka."

Jumatatu jioni, mabasi yalipofika, Sitati alipanda juu ya kreti ya soda mbele ya kioski. Hakuvaa koti. Watu wakakusanyika haraka.

"Rudisha si dawa," alisema. "Ndani ni maziwa ya unga. Mashine ni kompyuta na waya wa birika. Mimi si daktari. Nimewadanganya."

 Kisha mama mmoja akauliza, "Maziwa gani yaliyoniponya vidonda vya tumbo?"

"Ulipona kwa sababu uliacha kumeza tembe hovyo."

"Mimi ninakunywa maziwa tangu utoto na sikupona!"

"Amenunuliwa," mtu akasema kutoka nyuma. "Matajiri wa Nakuru wanataka Rudisha yote iende kwao."

"Daktari, tuambie bei mpya, usituzungushe!"

"Naapa ni maziwa!" Sitati alipiga kelele. Alipasua kidonge, akamimina unga kiganjani, akaulamba. "Ona! Maziwa!"

"Ana roho ya kuifaidi peke yake," mama yule akasema kwa uchungu.

Sitati alimtafuta Eucabeth kwa macho. Eucabeth alikuwa ameshika kiuno, na kwa mara ya kwanza alionekana hana mpango. Alijaribu kusema, "Jameni, ni kweli," lakini walimjibu kwamba hata yeye ameingizwa kwenye biashara. Mbele kabisa alisimama mlinzi mmoja mzee wa shamba la maua, ananyoosha noti zake, anataka makopo mawili. Kwenye mfuko wa shati lake ilichungulia kadi ya kliniki ya sukari, safi, haijafunguliwa wiki nyingi.

Sitati aliitazama kadi hiyo. Akashusha pumzi. Kisha mikono ikaenda nyuma, kichwa kikainama upande.

"Sawa," alisema, na sauti ilikuwa nyororo tena. "Mmenishinda. Sikutaka kuwaambia kwa sababu hii ni siri ya kampuni. Rudisha ya kwanza ilikuwa ya kusafisha damu tu. Imemaliza kazi. Sasa inalala ndani ya mwili. Mwenye kadi ya hospitali, Rudisha inaamshwa na zile dawa zako za hospitali, zilezile ulizoacha. Rudi kwazo leo. Lakini lazima nesi akupime kwanza, kwa mashine yake, na akuandikie. Usipopimwa, meno yanang'oka."

"Yote?" mlinzi akauliza.

"Ya mbele yanaanza."

"Na sisi tusio na kadi?"

"Maji, chakula, na tembe ya kioski hata moja isiguse ulimi bila mtu aliyesomea kukuambia ni ya nini. Rudisha ikikuta tembe ya rangi humo ndani, inakasirika."

Umati ukaguna kwa kuridhika. Hayo sasa yalikuwa maneno ya daktari. Mlinzi akarudisha noti zake mfukoni, akatoa kadi, akaanza kuifungua. Gedion alitaka kusema kitu kuhusu biashara yake, akamwona Eucabeth, akarudi ndani ya kioski.

Sitati alishuka kwenye kreti. Hakuna aliyemlipa hata shilingi, wala hakuitisha.

Asubuhi ya Alhamisi, nesi wa zahanati ya serikali alifungua mlango akakuta watu arobaini na watatu wamejipanga ukutani, kila mmoja na kadi yake mkononi. Wengine walikuwa wamebadilishana zamu, wengine wamekubali kukatwa siku. Nesi alisimama na funguo mkononi.

"Leo kuna nini? Nani amewatuma?"

"Daktari Sitati," wakajibu kwa pamoja.

"Daktari Sitati wa wapi? Yuko hospitali gani?"

Watu wakatazamana. Mbele ya foleni, Eucabeth, aliyekuwa ameomba ruhusa ya siku nzima ili amshikie Chepkemei nafasi, akarekebisha leso yake begani.

"Alikuwa hapahapa," alisema. "Amehamishwa."